Nimekariri modi zote saba, mbona zote nazisikia C?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Dodoma, naimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisani. Gitaa nimejifunza mwenyewe kwa video, huu ni mwaka wa pili. Nimekariri maumbo saba ya modi, kuanzia Ioniani hadi Lokriani, na nayapiga kwa kasi shingo nzima. Tatizo ni kwamba nikipiga D Doriani, masikio yangu yanasikia C meja ileile. Nikipiga E Frijiani, C tena. Rafiki yangu ananiambia nikariri modi zote kwenye ki zote 12 (yaani nikianzia kila moja ya noti 12), ndipo zitafunguka. Ni kweli? Na je, gitaa langu la nyuzi za nailoni linafaa kwa mazoezi haya?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na masikio yako: hayana kosa lolote. Unasikia C kwa sababu kweli unapiga C. Vidole vimeanzia D, lakini wimbo umetua C, na sikio hufuata mahali wimbo unapotua. Halijali kidole kimeanza wapi. Ungeniandikia kwamba umekariri maumbo tu na papo hapo ukazisikia zote saba tofauti, hapo ndipo ningepata wasiwasi.

Fikiria reli ya kutoka Dar es Salaam kuja huko kwenu. Stesheni ni zilezile kwa abiria wote. Lakini mtu wa Morogoro akifika Morogoro anashusha mizigo, amefika. Wewe hapo bado uko safarini, moyo wako unatulia treni ikiingia Dodoma. Noti saba za C meja ndizo stesheni, na modi inategemea ni stesheni ipi tumeiita nyumbani. Maumbo uliyokariri yanakuonyesha stesheni zilipo shingoni mwa gitaa, na kwa kazi hiyo ni mazuri. Hayawezi kukuambia nyumbani ni wapi. Hilo linasemwa na besi, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na sauti inayoshikiliwa chini.

Lihakikishe leo hii kwa simu yako. Rekodi dakika mbili za kodi za C, F na G zikizunguka. Zisikilize huku ukipiga umbo lako la D Doriani: utasikia C, kama ulivyoniandikia. Halafu rekodi dakika mbili nyingine za uzi wa 4 peke yake, ule wa D, ukiupiga wazi polepole bila kodi yoyote. Piga umbo lilelile juu yake. Vidole havijabadilika hata kimoja, lakini ghafla D inakuwa nyumba, na C inakuwa jirani anayepita nje ya dirisha. Hiyo sasa ndiyo Doriani. Uliibeba vidoleni muda wote huo bila kuisikia.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani hukulithamini kwenye swali lako. Wewe ni mwanakwaya. Unasoma do re mi. Njia ile ilianzishwa na Sarah Glover huko Uingereza, John Curwen akaieneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta kwetu. Leo kuna wanakwaya wengi Afrika Mashariki wanaosoma herufi d r m f s l t kwa wepesi kuliko wanavyosoma noti za mistari mitano. Kwa mtu anayetafuta modi, huu ni mtaji mkubwa. Umeshazoea kwamba do inahama: wimbo huu do ni G, ule do ni E flati, na wewe unaimba bila kutetereka. Zaidi ya hapo, unaijua fe na unaijua ta. Wimbo ukiegemea upande wa so, fa inapanda na kuwa fe. Ukiegemea upande wa fa, ti inashuka na kuwa ta. Umeziimba mara nyingi bila kuambiwa kwamba ndizo milango ya modi.

Kwa hiyo nakuomba uyaweke yale maumbo saba pembeni kwa muda, tufanye kazi kwenye uzi mmoja.

Dole gumba lishike uzi wa 6, E nene, uupige wazi kila baada ya mapigo mawili au manne, uendelee kuvuma chini. Nitauita mvumo. Kidole cha shahada kipige uzi wa 1, E nyembamba. Gumba na shahada, vidole viwili tu, ndivyo alivyokuwa akicharaza Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mkono wa kushoto utembee juu ya uzi wa 1 peke yake, kutoka uzi wazi mpaka freti ya 12. Meja, ambayo ndiyo Ioniani, itakuwa hivi (namba ni freti, 0 ni uzi wazi):

0 2 4 5 7 9 11 12

Iimbe kwanza, do re mi fa so la ti do, halafu ipige, halafu imba na kupiga pamoja. Usiharakishe. Tua kwenye kila noti uisikilize inavyokaa juu ya mvumo. Freti ya 7, yaani so, inakaa kimya kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Freti ya 11, yaani ti, haitulii, inataka kupanda 12. Ukishaisikia hamu hiyo ya ti ndipo uendelee.

Sasa shusha ti iwe ta. Noti moja tu, 11 inakuwa 10:

0 2 4 5 7 9 10 12

Hiyo ni Miksolidiani. Ile hamu ya kupanda imekwisha. Wimbo unaweza kukaa bila kulazimishwa kufunga, unaweza kuzunguka usiku kucha. Kwenye gitaa piga kodi ya E kisha D kisha A, urudi E, nayo itajitokeza yenyewe.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu unaishi Dodoma. Muziki wa Wagogo, ule wa zeze na ilimba (marimba ya vidole gumba) ambao marehemu Hukwe Zawose aliupeleka duniani kote, umejengwa juu ya sauti za asili ambazo uzi mmoja hutoa wenyewe ukigawanyika sehemu nne, tano, sita, saba, nane na tisa. Ukizitaja kwa solfa zinakuja do, mi, so, ta, do, re. Ti haimo. Unaweza kuisikia ta hiyo kwenye gitaa lako: gusa uzi wa 6 kwa wepesi bila kuukandamiza, kabla kidogo ya chuma cha freti ya 3, kama theluthi mbili ya njia kutoka chuma cha 2 kwenda cha 3. Piga, uondoe kidole mara moja. Sauti nyembamba itakayotoka ni ta ya asili. Iko chini kidogo ya ta ya freti, karibu theluthi moja ya nusu toni (nusu toni ni hatua ya freti moja), na ndiyo maana wageni wengi wakisikia kwaya ya Kigogo hudhani kuna mtu ametoka nje ya sauti. Hakuna aliyetoka nje. Tafadhali usiuite muziki huo Miksolidiani, una mantiki yake wenyewe na ni ya kuheshimiwa. Ninakutajia ili ujue kwamba huenda sikio lako lililelewa na ta kabla hujakutana na jina lolote la Kigiriki.

Turudi kwenye uzi. Kutoka Miksolidiani shusha mi, 4 iwe 3:

0 2 3 5 7 9 10 12

Hiyo ndiyo Doriani uliyokuwa unaitafuta. Ina huzuni ya maina, lakini freti ya 9 bado iko juu, na hiyo 9 ndiyo roho yake. Piga kodi ya E maina na kodi ya A meja zikipokezana, mapigo manne kwa manne. Ndani ya A meja kuna C shapu, na C shapu kwenye uzi wa 1 ni hiyohiyo freti ya 9. Tua juu yake A inapopigwa. Ukitaka kuisikia Doriani kwa watu wazima wa kazi, tafuta kundi la Santana wakipiga “Oye Como Va” ya Tito Puente, ambayo waliirekodi mwaka 1970: kodi mbili zinapokezana mwanzo mpaka mwisho, uhusiano wake ni uleule wa E maina na A, ila wao nyumbani kwao ni A. Na tafuta “So What” ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ya mwaka 1959. Hapo wanakaa D Doriani baa 16 (baa moja ni mapigo manne), wanapanda nusu toni hadi E flati Doriani baa 8, wanarudi D baa 8. Modi moja, nyumba mbili, umbo moja likihama freti moja, na watu bado wanaisoma rekodi hiyo.

Shusha 9 iwe 8 unapata Aeoliani, maina ya kawaida, ile mnayoiimba kwaya kutoka la hadi la:

0 2 3 5 7 8 10 12

Kwenye nyimbo za maina mara nyingi utaona so imegeuka se ili imvute la. Hapa kwenye E ni 10 kupanda kuwa 11. Usishangae, ni njaa ileile ya ti niliyokuonyesha kwenye meja, imeazimwa.

Shusha 2 iwe 1, ni Frijiani:

0 1 3 5 7 8 10 12

Kodi zake ni E maina na F. Ile freti ya 1 inakandamiza nyumba kutoka juu, na mpiga gitaa asiyeizoea hukimbilia kuikwepa. Usiikwepe, kaa juu yake mpaka iwe ya kawaida. Kisha fanya jambo moja dogo: pandisha 3 iwe 4, nyingine zote ziache.

0 1 4 5 7 8 10 12

Kama umewahi kusikiliza taarabu ya Unguja, utageuka kumtafuta mpiga udi. Hiyo ni hijazi, moja ya maqamu zilizoingia pwani yetu na muziki wa Kiarabu, na kundi la Ikhwani Safaa limekuwa likipiga muziki huo Zanzibar tangu mwaka 1905. Ile ngazi ndefu kati ya freti ya 1 na ya 4 ndiyo utambulisho wake. Hijazi inaingia vizuri kwenye gitaa. Maqamu nyingine kama rasti na bayati haziingii, kwa sababu kila moja ina noti inayokaa katikati ya freti mbili. Udi hauna freti, mpigaji anaweka kidole pale anapotaka. Wewe utalazimika kuuvuta uzi pembeni kidogo, na hata hivyo utakaribia tu.

Lokriani utaipata ukirudi kwenye Frijiani na kushusha 7 iwe 6. Ijue, halafu iache. Nyumba isiyo na so yake ni nyumba isiyo na nguzo, wimbo haukai hapo muda mrefu.

Imebaki Lidiani, na hii inakwenda upande wa pili. Rudi kwenye meja ya mwanzo, pandisha fa iwe fe:

0 2 4 6 7 9 11 12

Ndiyo inayong'aa kuliko zote. Nilipokuwa najifunza, mzee aliyenionyesha solo alinipigia mvumo karibu robo saa huku mimi nikitua kwenye fe tu, sikuruhusiwa noti nyingine. Nilichoka. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuikosea fe, hata nikiisikia redioni kwenye chumba cha pili.

Sasa tazama tulivyopita. Kutoka Lidiani kwenda meja imeshuka noti moja. Meja kwenda Miksolidiani, moja. Kisha Doriani, Aeoliani, Frijiani, Lokriani, kila hatua noti moja inashuka nusu toni na rangi inazidi kuwa nzito. Video nyingi zinazipanga modi kwa namba, ya kwanza hadi ya saba, kwa kufuata noti inayoanzia. Mpangilio huo ni mzuri kwa mtu anayeandika hesabu ya skeli. Kwa sikio, mpangilio wa kutoka nyepesi hadi nzito una faida kubwa zaidi, kwa sababu nyumba imebaki E muda wote na wewe unasikia kitu kimoja tu kikibadilika. Majina nayo yasikutishe. Ni majina ya Kigiriki ambayo wanazuoni wa kanisa Ulaya waliyabandika upya kwa namna yao. Ioniani na Aeoliani ziliongezwa kwenye orodha mwaka 1547 na Heinrich Glarean wa Uswisi. Anayesema “meja yenye ta” ameshajua Miksolidiani.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako: modi saba mara ki 12 ni vitu 84. Ukivikariri kama vitu 84 utachoka kabla hujafika nusu, na sikio litabaki pale lilipo. Gitaa limekurahisishia: ki ikihama, umbo linahama nalo. Kinachotakiwa ni kujua, ndani ya umbo lolote, nyumba yake iko wapi na ni noti ipi imeinama au imepanda. Chukua E Doriani uliyoijenga kwenye uzi mmoja, uitandaze mwanzoni mwa shingo: uzi wa 6 ni 0 2 3, wa 5 ni 0 2 4, wa 4 ni 0 2 4, wa 3 ni 0 2, wa 2 ni 0 2 3, wa 1 ni 0 2 3. Utaitambua. Ni noti zilezile za D meja, moja ya yale maumbo uliyokariri. Safari hii unalishika ukijua kwamba nyumba ni E na kwamba C shapu ndiyo ya kutua. Kumbuka tu kwamba nyuzi zimepishana freti tano, isipokuwa kati ya wa 3 na wa 2 ambako zimepishana nne, ndiyo maana kila umbo likivuka hapo linasogea freti moja.

Kwa jinsi ninavyokuona, mwanakwaya wa Dodoma anayetaka kucharaza gitaa, usigawe muda wako sawa kwa modi zote. Meja kwanza, na uijue mpaka ndani, kwa sababu dansi letu, rumba ya Kongo na benga vimesimama hasa juu yake. Mpiga solo wa rumba haendi na noti moja moja kila wakati, anaziimbisha mbili mbili kwa kupishana tatu, do na mi, re na fa, kama sauti ya kwanza na ya pili kwenye kwaya yenu. Kwenye C meja, tumia uzi wa 2 na wa 1 pamoja: 1 na 0, 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, 13 na 12. Panda na ushuke nazo mpaka zitoke kama maji. Nimewaona vijana wenye modi saba vidoleni wakakwama kwenye sebene kwa kukosa hizi peke yake. Baada ya meja, Aeoliani na Miksolidiani, halafu Doriani. Lidiani na Frijiani zije zinapokuita.

Muda: dakika 20 kwa siku zinatosha. Modi moja kwa wiki nzima. Mvumo, imba, piga, halafu tunga vipande vifupi vya noti tatu au nne vinavyotua nyumbani kupitia ile noti yake maalumu. Siku ya mwisho ya wiki jirekodi dakika moja bila kusema ni modi gani, uisikilize wiki inayofuata na uitaje kwa masikio. Ukishindwa, irudie wiki nyingine. Hakuna anayekukimbiza.

Na gitaa lako la nailoni linafaa sana. Mazoezi haya yanahitaji freti 12 tu, na nailoni haikati vidole unapokaa juu ya noti moja kwa muda mrefu. Kagua jambo moja kabla hujaanza: gusa uzi wa 1 kwa wepesi juu ya chuma cha freti ya 12 usikilize ile sauti nyembamba, kisha ukandamize hapohapo na kupiga. Zinatakiwa zilingane. Zikipishana, badilisha nyuzi kwanza, maana uzi uliochakaa hudanganya juu ya shingo hata kama chini umeutyuni vizuri. Zikipishana bado baada ya nyuzi mpya, lipeleke kwa fundi aangalie daraja na urefu wa nyuzi kutoka shingoni, ndipo uanze wiki yako ya kwanza ya meja.